Kifyatulio kipya kwenye bunduki ya mazoezi ya .22: dalili, chanzo na tiba

Bunduki ya .22 LR, yaani ya risasi ndogo yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22, ndiyo inayomlea mpigaji shabaha. Haisukumi bega, kelele yake ni ndogo, na kila kosa la kidole linajionyesha kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba nyingi hutoka kiwandani na kifyatulio kizito. Ruger 10/22, iliyo sokoni tangu 1964, huja na kifyatulio kinachotaka takriban kilo 2.7 kukivuta, ilhali kile cha BX ambacho Ruger hao hao wanakiuza kando kinataka kama kilo 1.25. Kwa upande wa bunduki za bolti, yaani zile ambazo kipande cha chuma kinachofunga chemba husogezwa kwa mkono, Bergara B-14R hupokea vifyatulio vya mpangilio wa Remington 700 (vilivyoundwa kwa umbo la kuingia kwenye bunduki hiyo), kwa hiyo mtu anaweza kuifungia bunduki yake ya mazoezi kifyatulio kilekile alichonacho kwenye bunduki kubwa.

Kufanana huko ndiko ninakokutetea. Kifyatulio cha mazoezi kiwe na uzito, umbo na mwachio (ile nukta kinapoachia) ambao kidole kitaukuta siku ya mashindano. Anayetafuta kilicho chepesi kuliko vyote anakifundisha kidole chake kitu ambacho hakitakikuta, na anajikaribishia karibu kila hitilafu iliyoelezwa hapa chini. Biathloni, mchezo wa kuteleza thelujini na kupiga shabaha, ambayo hupigwa kwa .22 LR kutoka mita 50, hairuhusu kifyatulio cha chini ya gramu 500. Soma kanuni za mchezo wako na sheria ya silaha inayokuhusu kabla hujanunua chochote.

Jambo la pili ninaloliamini: kifyatulio kipya kikisumbua, mara nyingi chenyewe hakina kosa. Kosa liko kwenye vinavyokizunguka, yaani kitako, skrubu, pini, mafuta au bolti. Kwa hiyo usikimbilie skrubu za kurekebishia.

Kabla ya kutafuta chochote

Toa magazini, fungua bolti, angalia ndani ya chemba, yaani tundu la mtutu risasi inamokaa, kwa macho, kisha hakikisha kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine. Majaribio yote ya mwanzo ni ya bunduki tupu, na hata ikiwa tupu mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu.

Bunduki ya .22 ina jambo lake moja la kuchunga. Fataki yake, yaani kemikali inayowasha baruti, haiko katikati ya ganda, imemwagwa ndani ya ukingo, na sindano, kile kipini kinachoigonga risasi, hugonga ukingoni. Chemba ikiwa tupu, kwenye baadhi ya bunduki sindano hufika mpaka kwenye mdomo wa chemba na kuubonyeza. Ukirudia sana unapata kidonda kidogo cha chuma, na tangu hapo maganda yanaanza kukwama. Tumia risasi bandia zilizotengenezwa kwa .22, au zile plagi ndogo za plastiki za kupigilia ukutani zinazoingia kwenye chemba bila kulazimishwa. Zikichakaa ukingoni, zigeuze au zitupe.

Andaa pia mizani ya kupimia mvuto wa kifyatulio, bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye vichwa vya skrubu, na karatasi ya kuandikia. Kila skrubu utakayoigusa, andika ilikuwa wapi na umeizungusha kiasi gani. Anayezungusha skrubu tatu kwa mpigo bila kuandika hatajua ni ipi iliyoponya na ipi iliyoharibu.

Kipimo cha kwanza: toa bunduki kwenye kitako

Dalili yoyote uliyoiona, rudia jaribio bunduki ikiwa nje ya kitako. Jaribio hili moja hugawa matatizo yote mafungu mawili. Hitilafu ikitoweka nje ya kitako, usihangaike na kifyatulio: kuna kitu kinagusana na mbao au plastiki. Ikibaki, chanzo kiko kwenye chuma.

Vifyatulio vya kununua kando mara nyingi vina mwili mpana au mrefu kuliko kile cha awali, na tundu la kitako lilichongwa kwa ajili ya kile cha awali. Ili kujua kinapogusa, paka pande za mwili wa kifyatulio wino mzito wa kalamu ya alama, rudisha bunduki kwenye kitako, kaza skrubu kama kawaida, sukuma bolti mbele na nyuma mara chache, kisha fungua. Mahali wino ulipofutika na ukingo wa mbao ulipotiwa doa jeusi ndipo penye msuguano. Chonga hapo kidogo kwa msasa, paka upya, jaribu tena. Acha nafasi ya karatasi nene pande zote. Mbao ulizozichonga zipakwe vanishi, vinginevyo zitanyonya unyevu, zitavimba, na utarudi ulikotoka.

Bolti inafungwa lakini sindano haikamatwi

Unasukuma bolti mbele, unaishusha, na badala ya kusikia sindano ikikamatwa unahisi inateleza na kurudi mbele pamoja na bolti. Wakati mwingine inakamatwa mara nne, ya tano inateleza. Hii ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu kukiwa na risasi ndani ya chemba bunduki inaweza kufyatuka huku mkono wako ukiwa bado kwenye bolti. Bunduki yenye dalili hii isikaribie risasi.

Ndani ya kifyatulio kuna kishikilio, kipande kinachoikamata sindano ikiwa imevutwa nyuma. Kishikilio nacho kimeegemea kipande kingine kilichoungana na ulimi wa kifyatulio, yaani ile sehemu inayovutwa na kidole. Sehemu vinapoegemeana, yaani egemeo, ni ndogo sana, chini ya milimita moja. Ukivuta ulimi, egemeo linaondoka, kishikilio kinashuka, sindano inaruka. Baada ya hapo springi hurudisha kila kitu mahali pake. Bolti inapofungwa tena, lazima egemeo liwe tayari limerudi. Kama halijarudi, hakuna cha kuizuia sindano.

Chanzo cha kawaida ni skrubu ya egemeo kuzungushwa ili kuondoa mburuzo, yaani ule mwendo wa kukwaruza unaohisiwa kabla ya mwachio. Mtu anaupunguza mburuzo, anafurahi, anaupunguza tena, na egemeo linabaki unywele tu. Rudisha skrubu mahali mtengenezaji alipoiweka. Kama ilifunikwa kwa rangi au gundi ya kiwandani, ilifunikwa ili isiguswe, na ikishavunjwa kifyatulio kirudi kwa mtengenezaji au kwa fundi wa silaha.

Chanzo cha pili ni springi ya mvuto kulegezwa mno, ikakosa nguvu ya kuurudisha ulimi. Kaza kidogo kidogo ukijaribu kila hatua. Cha tatu ni mafuta. Kifyatulio kilichomwagiwa mafuta mazito hufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, kisha mafuta yanashika vumbi na masizi ya baruti, yanakuwa kama gundi, na siku ya baridi vipande vinarudi polepole kuliko mkono wako. Safisha kwa kioevu cha kusafishia kisichoacha utando, kiache kikauke kabisa, kisha fuata maelekezo ya mtengenezaji. Vingi kati ya vifyatulio hivi hutakiwa kukaa vikavu, au kupata tone moja tu la mafuta mepesi.

Cha nne ni bolti. Kama ukingo wa sindano unaokamatwa na kishikilio umechakaa au ulisuguliwa na mtu aliyetaka kuulainisha, kifyatulio kipya hakitausaidia. Utaujua kwa kuutazama kwenye mwanga mkali: ukingo mzima ni mraba na una kona kali, uliochakaa una mviringo na unang'aa. Hapo ni kubadilisha kipande. Kukisugua zaidi kunaongeza ugonjwa, maana ugumu wa chuma uko kwenye ngozi yake ya juu.

Inafyatuka ikigongwa, au wenzo wa usalama unapoachiliwa

Hili ni tawi la tatizo lililotangulia, na vyanzo ni vilevile, ila lina majaribio yake. Bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, funga bolti kwa nguvu zaidi ya kawaida mara kadhaa. Weka usalama, vuta ulimi kwa nguvu, uachie, kisha ondoa usalama bila kugusa ulimi. Sindano isiruke. Halafu gonga kitako chini juu ya mkeka wa mpira, na upige pande za kitako kwa kiganja. Isiruke.

Ikiruka usalama unapoondolewa, maana yake ulipovuta ulimi, vipande vilihama kidogo na usalama ukavizuia visirudi. Wenzo wa usalama haukai mahali pake sawasawa, au kifyatulio si cha toleo la bunduki yako. Angalia kwanza kama wenzo unafika mwisho wa safari yake, kwa sababu mara nyingi unagota kwenye ukingo wa kitako kabla ya kufika. Kama unafika na bado inaruka, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Toa kifyatulio, rudisha cha zamani, peleka kipya kwa fundi.

Unavuta na hakuna kinachotokea

Ulimi unasogea lakini sindano haiachiwi, au ulimi umekufa kabisa. Kwa hali hii kosa huwa ni jepesi. Skrubu ya mwendo wa ziada, inayouzuia ulimi kwenda mbali baada ya mwachio, imeingizwa mno, hivyo ulimi unagota kabla kishikilio hakijaachia. Ilegeze mpaka kifyatulio kiachie, kisha ilegeze zaidi kama robo mzunguko. Usiiweke pale inapoachia kwa shida.

Kama skrubu hiyo iko sawa, angalia ulimi dhidi ya kinga yake, yaani ile pete ya chuma au plastiki inayouzunguka. Ndimi bapa zilizonyooka hushuka chini kuliko zilizopinda, na ncha yake inaweza kugusa sakafu ya kinga bunduki ikikazwa kwenye kitako. Ipo pia hali ambapo usalama unaonekana umeondolewa ilhali haujaondoka wote, kwa sababu ileile ya wenzo kugota.

Sindano inagonga, risasi haiwaki

Hapa ndipo watu wanapokilaumu kifyatulio bila ushahidi. Kwanza utaratibu: risasi isipowaka, bunduki ibaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa sekunde 30 au zaidi ndipo ufungue bolti, kwani fataki inaweza kuchelewa.

Kisha lichukue ganda ulitazame. Alama ya sindano ikiwa ya kina na pana kama zile za maganda yaliyowaka, pigo lilikuwa la kutosha. Fataki ya .22 husambazwa ndani ya ukingo kwa kuzungushwa, na kuna ganda moja moja ambalo sehemu ya ukingo imebaki na fataki haba. Sindano ikipiga hapo, kimya. Ukiwa kwenye mstari wa kupigia na ukiruhusiwa na msimamizi, irudishe risasi hiyo ikiwa imegeuzwa ili sindano ipige upande mwingine. Ikiwaka, kosa lilikuwa la risasi. Badilisha aina ya risasi kabla hujagusa skrubu.

Alama ikiwa hafifu, kuna kinachoila nguvu ya sindano. Uchafu kwenye chemba ni wa kwanza: risasi haiingii mpaka mwisho, pigo la kwanza linamalizikia kuisukuma ndani, na la pili linaiwasha. Masizi na mafuta mazito ndani ya bolti ni ya pili. Skrubu ya mwendo wa ziada inafuata, na hiyo ndiyo inayohusiana na kazi uliyoifanya: ikiwa imekazwa mno, kishikilio hakishuki chote na sindano inapita ikikiparuza. Utaona mstari mpya unaong'aa chini ya sindano. Legeza skrubu, safisha, tazama kama alama za maganda zinarudi kuwa za kina.

Kwenye bunduki zinazojijaza kama 10/22, angalia springi ya nyundo, kipande kinachoigonga sindano. Seti za kupunguza uzito huja na springi laini zaidi, na kwa risasi zenye ukingo mgumu nyundo haitoshi. Ukirudisha springi ya awali ya nyundo na ukaacha sehemu nyingine mpya, mara nyingi unapata uzito unaoridhisha na risasi zote zinawaka. Mimi ningeichagua njia hiyo bila kusita.

Uzito unabadilika kila ukipima

Kabla ya kuamini namba, hakikisha unapima sawasawa. Ulimi ni wenzo: ukiuvuta karibu na ncha unapata uzito mdogo, ukiuvuta karibu na mhimili unapata mkubwa. Weka alama ya kalamu pale kidole kinapokaa, ndoano ya mizani ikae hapohapo kila mara, uvute polepole kwa mstari ulionyooka kurudi nyuma. Vuta mara kumi, uandike zote. Tofauti ya gramu chache ni ya kawaida. Ikiwa vipimo vinaruka kwa robo ya uzito mzima, endelea kutafuta.

Ulimi unaosugua upande mmoja wa kinga ni mshukiwa wa karibu, na wino wa kalamu utakuonyesha. Pini ambayo haijaingia mpaka mwisho huruhusu mwili wa kifyatulio kucheza: ushike kwa vidole viwili uutikise. Kama unasogea, kila mvuto unaanzia mahali tofauti. Baadhi ya vifyatulio vina skrubu ndogo za kuondoa mchezo huo, na hizo zinakazwa zikigusa tu, kwa sababu zikikazwa mno zinapindisha mwili mzima na kuzaa hitilafu mpya.

Bolti inatoka mkononi, au haitoki kabisa

Kwenye mpangilio wa Remington 700, kizuizi cha bolti na springi yake ndogo vinashikwa na pini ileile ya nyuma inayoshika kifyatulio. Ukiivuta pini bila kujua, springi hiyo inaruka na kupotea, au inarudishwa ikiwa imegeuka. Matokeo ni bolti isiyozuiliwa mwisho wa safari, au isiyoachiwa. Fanya kazi ndani ya trei yenye kitambaa, piga picha kila hatua, na utoe pini kwa kuisukuma na fimbo nyembamba ya saizi ileile itakayobaki ndani ya tundu kushikilia vipande mpaka pini ya kweli irudi. Hakuna la ziada hapa.

Bunduki inayojijaza: risasi mbili kwa mvuto mmoja

Acha kupiga papo hapo. Toa magazini, ondoa kilicho kwenye chemba, bunduki irudi kwenye mfuko wake. Chanzo kinaweza kuwa kitenganishi (kipande kinachozuia nyundo isianguke tena mpaka ulimi uachiliwe) kisichofanya kazi, kishikilio kilichochakaa, springi isiyo yake, au kifyatulio chepesi mno ambacho kidole kinakigonga tena bila kukusudia bunduki inapotikisika. Ukiwa mezani huwezi kuvitofautisha kwa uhakika, na bunduki inayofyatua zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja inaweza kukuingiza matatani kisheria hata kama ni kwa hitilafu. Rudisha seti nzima ya kiwandani, seti mpya iende kwa fundi mwenye leseni.

Kwenye 10/22 kumbuka pia kwamba kitenge cha kifyatulio, yaani kisanduku kizima kinachobeba kifyatulio, kina kitufe cha kuachia magazini, kitoa maganda na kizuizi cha bolti. Magazini ikianza kudondoka au maganda kukwama baada ya kubadilisha kitenge, usiihukumu magazini haraka. Angalia kama pini mbili zinazokishika kitenge zimekaa sawa pande zote, na kama skrubu ya kitako imekazwa kiasi cha kukipandisha kitenge upande.

Kila kitu kinafanya kazi, lakini kundi la risasi limepanuka

Kifyatulio kizuri kinatarajiwa kulibana kundi, yaani kuyasogeza karibu matundu ya risasi kwenye karatasi. Likipanuka baada ya kukifunga, sababu kubwa ni kwamba ulitoa bunduki kwenye kitako na hukuirudisha ilivyokuwa. Skrubu za kitako zina kipimo chake cha kukazwa, kimeandikwa kwenye kitabu cha bunduki, na .22 huhisi tofauti ndogo. Tumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu, usimamishe bunduki wima kwa kitako ili chuma kikae nyuma kwa uzito wake, ukaze kwa zamu kidogo kidogo.

Kama skrubu ziko sawa, rudi kwenye wino. Mwili wa kifyatulio unaoegemea kitako unasukuma bunduki kila unapokazwa, na msukumo huo hubadilika na joto na unyevu. Zikiisha hizo, piga makundi matano ya risasi tano kwa risasi za boksi moja, ukiegemeza bunduki, kisha rudisha kifyatulio cha zamani upige matano mengine siku hiyohiyo. Doa la kumi, yaani duara la katikati lenye alama kumi, la shabaha ya mita 50 katika mashindano ya kimataifa lina upana wa milimita 10.4 tu, na kwa kipimo kidogo hivyo kundi moja halithibitishi lolote.

Risasi hai za kwanza baada ya marekebisho yoyote ziwe moja moja kwenye magazini, halafu mbili, bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga na mtu mwingine akiangalia. Baada ya boksi mbili, fungua tena, tazama kama skrubu uliyoiandika imehama mahali pake. Ikiwa imehama, isafishe mafuta yote, tia tone la gundi ya skrubu ya aina inayofunguka, uiache ikauke usiku mzima kabla ya kurudia majaribio ya usalama kuanzia lile la kufunga bolti kwa nguvu.